Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Tulipoachana wiki iliyopita, Bi Kulusum alikuwa amesimama uani kwake, Nakawa, ufunguo wa akiba umefungwa kwenye pindo la leso yake, na Sajini Kasim amemnyooshea mkono.

"Ufunguo, mama," sajini alirudia. "Ya chumba ya mwisho."

Kwa wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi ile, jua haya tu. Bi Kulusum ni mjane wa Dawudi, dereva wa malori, na mali yote aliyoachiwa ni nyumba ya mbele anayokaa mwenyewe, pamoja na mstari wa vyumba vya kupangisha nyuma yake. Chumba cha mwisho anakaa Concy, fundi cherehani wa Kiacholi, anayeshona sare za shule. Asubuhi ya siku hiyo Bi Kulusum alimwona Concy akiingia ndani na sahani mbili za chakula. Alibisha. Mlango ulichelewa kufunguliwa, na ulipofunguliwa aliona miguu ya mwanamume chini ya pazia.

Alikuwa Oloya, kaka yake Concy, mpishi wa jeshi, akajieleza kwa haraka. Wenzake wa kabila lake walikuwa wameitwa majina gwarideni na kupakiwa kwenye lori, wasirudi. Yeye akaacha sufuria motoni akaruka ua wa kambi ya kilimani.

Bi Kulusum hakuwahi hata kufungua kinywa kumfokea Concy. Gari la jeshi lilikuwa limesimama getini.

"Ufunguo wa nini, afande?" aliuliza sasa.

"Nafungua chumba. Naona ndani."

"Mwenye chumba yule pale."

Concy alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye cherehani. Mguu wake ulikuwa unakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka. Bi Kulusum alimtupia jicho mara moja tu. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Alisogea hatua kando, akajiweka katikati ya sajini na cherehani.

"Mimi mpangaji akishaingia, afande, simfungulii mtu mlango wake," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo. Chumba ukishakipangisha, unabisha kama mgeni mwingine."

"Nani nakaa pale?"

"Huyo fundi."

"Na nani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kuchagua, na hakupewa nafasi ya kufikiri. Angesema ukweli, nyumba ingebaki yake. Yeye alikuwa Mnubi, Mwislamu, mjukuu wa askari wa zamani. Siku hizo watu wa aina yake hawakuguswa ovyo. Angesema uongo na uongo ukajulikana, nyumba ingekwenda, na yeye angekwenda mahali ambako watu walikuwa hawarudi.

"Peke yake," alisema.

Sajini Kasim aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa jibu alilolitaka.

"Mzuri. Mtu moja hapana sumbua kuhama. Mwambie atoke leo. Bibi yangu anataka hii chumba."

Bi Kulusum alimtazama. Kumbe mtu huyu hakuja kutafuta mtoro. Alikuja kutafuta nyumba.

Nusura acheke. Kicheko kilifika kooni, kikafia hapo, kwa sababu aliona mara moja kwamba jambo halikuwa limepungua ubaya. Mtu anayetafuta mtoro huenda akaondoka akidanganywa vizuri. Mtu anayetaka chumba ataingia chumbani.

"Kwa nini hicho, afande? Hicho ndicho kibaya kuliko vyote."

"Iko na dirisha ya barabara. Naona nani napita kwenda Port Bell, nani narudi." Sajini alitabasamu kidogo. Alikuwa kijana bado, amenyoa vizuri, anafanya kazi katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. "Kazi yangu napenda dirisha namna hiyo."

"Dirisha utalipata. Na maji ya mvua utayapata. Bati la pale limeoza kwenye misumari. Ukuta wa nyuma unapanda unyevu mpaka hapa." Alijigusa kifuani. "Mkeo atafua nguo zisikauke, atakohoa, utanilaumu mimi."

"Wewe mwenye nyumba gani nasema nyumba yake mbaya?"

"Mwenye nyumba asiyetaka kugombana na mpangaji kila mwezi."

Askari wawili waliokuja na sajini walicheka. Mwenyewe hakucheka. Alimpita Bi Kulusum akaelekea barazani.

"Wewe. Fungua mlango."

Concy aliondoa mguu kwenye cherehani. Alisimama, mkono mmoja bado umeshika gurudumu. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Sajini," Bi Kulusum aliita nyuma yake.

Hakupandisha sauti. Alitumia sauti ile anayoitumia kwa mpangaji aliyetupa maji machafu njiani, sauti ambayo mtu hujikuta amesimama kabla hajaamua kusimama. Sajini aligeuka.

"Mkeo anatoka wapi?"

"Zaire. Bukavu. Kwa nini?"

"Mwanamke ametoka kwao, amevuka mpaka, amemfuata sajini wa jeshi la Uganda. Halafu unamweka chumba cha fundi cherehani. Choo kimoja na wapangaji wote, bomba moja, foleni ya ndoo asubuhi. Wenzako wakija kukutembelea watakaa wapi? Kitandani?"

Sajini alilitazama bomba.

"Wenzako wamepata nyumba Kololo," Bi Kulusum aliendelea polepole. "Wahindi walipoondoka mwaka jana kila mtu alichukua ya kwake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Moroto." Ilimtoka kwa uchungu. "Mimi nafika Kampala nyumba yote imekwisha."

"Basi njoo nikuonyeshe nyumba ya mtu mwenye cheo."

Akaongoza njia kuelekea nyumba yake mwenyewe.

Msomaji, usidhani alikuwa hajui anachofanya. Mzee Ogwal wa Luzira alimpa luteni nyumba kwa heshima zote. Bati lilipong'oka akaenda kuuliza kama alete fundi, akaambiwa nyumba si yake tena na asionekane pale. Sasa Mzee Ogwal analala sebuleni kwa binti yake. Kila mwenye nyumba kuanzia Nakawa mpaka Nakivubo aliijua hadithi hiyo, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukwepa. Mmoja aliacha madirisha bila vioo makusudi. Mwingine alijaza magunia ya mkaa sebuleni. Tangu hapo hakuna aliyemshika askari mkono na kumwingiza ndani.

Bi Kulusum alifungua mlango. Sebule ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, imepigwa nta mpaka inang'aa. Taa ya umeme. Jiko ndani. Vyumba viwili, na dirisha pana linaloiona barabara yote mpaka kwenye kona.

Sajini alikwenda dirishani. Alisimama pale muda, mikono nyuma.

"Hii nani nakaa?"

"Mimi."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Nitajibana nyuma na fundi. Mimi ni mtu mmoja. Nyumba kubwa inanipigia kelele tangu mume wangu afe."

Sajini aligusa ukuta, akagonga kwa vidole, akaridhika. Kisha akamgeukia, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa na swali.

"Kwa nini unanipa?"

Alikuwa amelingoja swali hilo. "Ningekataa, ungeichukua?"

Sajini alifikiri. "Ndiyo."

"Basi afadhali tuanze kwa wema. Mpangaji akiingia kwa wema huwa hang'oi milango."

Jibu lile lilimpendeza. Alicheka sana, akampiga begani kama mtu anayefahamiana naye. "Leo, mama. Saa tisa narudi na gari."

"Nipe wiki, afande. Nina vitu vya miaka."

"Leo."

Alitoka uani, akasema neno kwa askari wake. Gari liliondoka na sajini na mmoja wao. Mwingine alibaki. Alivuta kigoda cha Bi Kulusum, akakiweka katikati ya geti, akaketi na bunduki mapajani.

Nyumba ilikuwa na mwenye kuilinda sasa. Hapana mtu angetoka bila kuonwa.

*

Hata wakati ule Bi Kulusum alibisha kwanza.

Ndani ya chumba cha mwisho joto lilikuwa zito, linanuka jasho na mafuta ya cherehani. Concy alifunga mlango nyuma yake. Pazia lilitikisika, Oloya akatoka. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, na alisimama ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, nilitaka kukuambia," Concy alianza.

"Lini? Baada ya kunichimbia kaburi?" Alizungumza kwa kunong'ona, na mnong'ono ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Ulipokuja kuomba chumba nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza nitakaa na nani."

"Ukanijibu?"

"Peke yangu."

"Nimemwambia sajini neno hilohilo sasa hivi. Nimelisema nikimtazama machoni. Unajua ningeweza kusema vingine?"

Concy aliangalia chini. Machozi yalianza kumdondoka na hakuyafuta.

"Mama, hapana kasirikia yeye," Oloya alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya watu wa Gulu. "Mimi nilikuja mwenyewe. Sikuwa na mlango mwingine. Usiku nitatoka."

"Usiku utatoka wapi? Kuna bunduki getini. Dirisha lina nondo, na ukuta wa ua una vipande vya chupa juu, niliviweka mwenyewe kwa ajili ya wezi. Na usiku huo sajini atakuwa amelala pale mbele, dirishani, anatazama barabara."

Oloya alikaa kitandani. "Basi nitatoka sasa. Nitasema niliingia nyinyi hamjui."

"Na yeye atakuamini," Bi Kulusum alisema.

Nje askari alikohoa, na Concy akashtuka kama amechomwa.

Bi Kulusum alimtazama yule msichana. Hakutaka kukumbuka, lakini alikumbuka. Dawudi alikufa siku ya Ijumaa jioni, maduka yamefungwa, watu wanakimbilia majumbani kabla ya giza maana barabarani kulikuwa hakufai. Sanda haikuwepo. Concy, ambaye si Mwislamu, ambaye alikuwa mpangaji mgeni kabisa, alitoa jora la kitambaa cheupe la mashati ya wanafunzi. Akalikata alivyoelekezwa, na kesho yake akaenda kuomba radhi kwa mwalimu mkuu. Hakulitaja tena jambo lile. Bi Kulusum naye hakuwahi kulitaja.

"Simama," alimwambia Oloya. "Unaweza kubeba godoro la pamba, la watu wawili?"

"Naweza kubeba gunia mbili za maharage."

"Vizuri. Vua shati hilo. Concy, nenda sokoni Nakawa, tafuta wapagazi na mkokoteni. Wawili wanatosha. Waambie mama anahama, vitu vingine vinabaki nyuma, vingine vinakwenda kwa dada yake Rukiah."

Concy alifuta uso, akaelewa. "Na wa tatu?"

"Watu wakiwa wanabeba kabati na vitanda, nani anahesabu wapagazi?" Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Hakuwa na uhakika wowote.

Kisha aliangalia miguu ya Oloya. Kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya vifundo, pale buti na soksi zilipokuwa zikimfunika kila siku, ngozi ilikuwa laini na ina rangi tofauti. Mtu yeyote aliyewahi kuvaa buti za jeshi angeijua alama ile kwa mbali.

"Kuna tope kwenye mfereji wa bafu," alisema. "Nitakuletea ndoo. Jipake mpaka magotini."

*

Wapagazi walifika na mkokoteni wao. Mmoja alikuwa mzee kidogo, Mganda, mwenye kovu refu shavuni. Mwingine mnene asiyesema kitu. Bi Kulusum aliwapokea kwa ukali, akawatuma huku na huko. Kabati hili nyuma. Masanduku haya nje. Hapana, rudisha, hilo la nyuma. Alifanya vurugu makusudi. Watu waliingia, watu walitoka, viti vilipita kichwani, vyungu vilipangwa mchangani.

Askari wa getini alitazama mwanzoni. Baadaye alichoka. Alivuta sigara, akageuza kigoda kukwepa jua.

Oloya alitoka chumba cha mwisho akiwa ameinama chini ya meza ya Concy. Alikuwa na shati lililochanika la marehemu Dawudi na kitambara cha gunia kichwani. Akaiweka meza, akaingia nyumba ya mbele, akatoka na kiti. Mganda mwenye kovu alisimama.

Alimtazama Oloya. Akamtazama mwenzake mnene. Akamtazama Bi Kulusum.

Bi Kulusum alijifanya anahesabu vyungu. Hakuwahi kumwona mtu yule maishani mwake. Hakujua anafikiri nini, ana watoto wangapi, anamchukia nani.

Mganda alijikuna kovu lake, akainama, akabeba sanduku.

"Godoro," Bi Kulusum alisema. "Godoro sasa. Liende kwenye mkokoteni."

Oloya aliliinua peke yake. Lilikuwa kubwa, la zamani, likaanguka pande zote mbili za kichwa chake mpaka mabegani, uso haukuonekana. Alianza kutembea kuelekea getini. Bi Kulusum alimfuata nyuma na mto chini ya kwapa.

Askari alivuta miguu yake kupisha.

Oloya alipita geti.

Mkokoteni ulikuwa pale mbele, na nyuma ya mkokoteni barabara, na nyuma ya barabara watu wa sokoni wasio na idadi. Bi Kulusum alianza kupumua.

Ndipo gari la jeshi lilipokata kona na kusimama mbele ya mkokoteni, pua kwa pua.

Sajini Kasim aliruka chini, amechangamka. Hakungoja saa tisa. Pembeni yake alishuka mwanamke mnene kidogo, mzuri, amevaa kitenge kipya, anatazama vyungu na masanduku yaliyotapakaa mchangani.

"Bibi yangu Perpétue," sajini alisema. "Tazama nyumba, mama Zaire."

Perpétue hakuitazama nyumba. Alimtazama Bi Kulusum na mto wake.

"Mama, wewe ndiyo unahama?" aliuliza taratibu. "Yeye aliniambia nyumba iko bure, haina mutu."

"Karibu, mwanangu," Bi Kulusum alimjibu. Hakuwa na nafasi ya zaidi. Macho yake yalikuwa kwenye godoro.

Perpétue alimgeukia mumewe. "Kasim, hii si vizuri."

"Nyamaza. Mama mwenyewe alinipa." Sajini aliaibika mbele ya askari wake, na aibu ilimfanya atafute mtu wa kumwamrisha. Akaona godoro. "Wewe. Tupa hiyo chini."

Godoro halikusogea.

"Nasema tupa chini. Nataka watu ya kubeba."

Oloya aliliteremsha. Uso wake ulibaki wazi juani, jasho linatiririka.

Sajini alimsogelea. Alimtazama mabega, akamtazama kichwa, akashuka mpaka kwenye tope la miguu.

"Wewe mkubwa namna hii. Mtu ya wapi?"

Bi Kulusum alijua kwamba neno moja la Oloya, kwa sauti ile ya Gulu, lingetosha. Oloya naye alijua. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Nakuuliza. Kabila gani?"

"Huyu mudogo wangu, afande."

Mganda mwenye kovu alikuwa amesimama nyuma yao, sanduku begani. Alisema bila haraka, kama mtu anayetaja bei ya ndizi.

"Sisi ya Bugerere. Yeye Swahiri hapana jua. Kichwa yake ndogo, nguvu tu."

Sajini alimtazama mmoja, kisha mwingine. Hawakufanana hata kidogo.

"Mama moja?"

"Baba moja, afande. Mama yake mwingine. Mama yake mulefu."

Askari wa getini alicheka. Sajini pia akacheka, na Bi Kulusum akaapa moyoni kwamba mzee yule hatalala njaa siku yoyote ambayo yeye ana unga.

"Nguvu tu ndiyo nataka," sajini alisema. "Nyinyi wawili, panda gari. Iko friji, iko kabati ya chuma. Askari yangu hapana beba."

"Vitu vyangu, afande," Bi Kulusum alisema haraka. "Hawa nimewakodi mimi."

"Vitu yako itangoja. Panda."

Oloya alimtazama Bi Kulusum mara moja. Hakuomba kitu. Alipanda nyuma ya gari, akaketi kwenye benchi la bati, na mzee mwenye kovu akapanda akaketi karibu naye. Askari wa getini akawafuata na bunduki yake, akakaa mkabala.

Concy alikuwa ametoka mpaka getini. Alishika nguzo kwa mikono miwili.

Bi Kulusum angeweza kubaki. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Alikuwa amekwisha kutoa nyumba. Aliuweka mto juu ya godoro, akakaza leso kiunoni, akaenda kufungua mlango wa mbele wa gari.

"Unakwenda wapi, mama?" sajini aliuliza.

"Kuona vitu vyako."

"Vitu yangu?"

"Sijawahi kumwingiza mpangaji ambaye sijaviona vitu vyake. Niletewe kunguni kwenye sakafu yangu? Na hilo friji, nitajuaje kama linapita mlangoni? Wapagazi hawa bila mtu wa kuwasimamia watakuvunjia." Alikuwa amekwisha kupanda. "Sogea, mwanangu Perpétue, tubanane."

Perpétue alisogea. Alikuwa anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Sajini alipeperusha mkono, akakaa ukingoni, gari likaondoka.

Walipofika barabara kuu Perpétue alimwegemea. "Mimi vitu yangu ni kidogo tu, mama. Iko Nakivubo, nyuma ya maduka. Utaona, hakuna kunguni."

Nakivubo. Bi Kulusum aliishika ile habari kwa mikono yote miwili. Nakivubo kwenye soko, kwenye magari ya abiria, kwenye vichochoro ambamo hata polisi hupotea. Mtu atashuka kubeba sanduku, atakunja kona moja, basi. Hakuhitaji kumwambia Oloya. Mpishi yule hakuwa mjinga.

"Nakivubo baadaye," sajini alimwambia dereva. "Kwanza kambini. Friji yangu iko pale kwa gadi ya geti."

Dereva alikata usukani kushoto, gari likaanza kupanda kilima.

Bi Kulusum hakuuliza kambi gani. Njia ile ilikuwa na kambi moja tu, na alikuwa amesimuliwa habari zake asubuhi hiyohiyo, na Oloya, aliyeruka ua wake.

Aligeuza shingo taratibu, kama anayetafuta upepo, akatazama nyuma kupitia kidirisha.

Mzee mwenye kovu alikuwa amefumba macho. Oloya ameketi wima, mgongo umenyooka, magoti pamoja, anatazama mbele. Geti la kambi lilikuwa linaonekana tayari, na mikono yake, bila mwenyewe kujua, ilikuwa inafunga vifungo vya shati la Dawudi, kimoja baada ya kingine, mpaka kile cha shingoni. Kisha ikanyoosha kola, kama ifanyavyo mikono ya kila askari anayekaribia ukaguzi.

Mkabala naye, yule askari mwenye bunduki alikuwa ameacha kuvuta sigara. Alikuwa anavitazama vidole vile.